MALI NI YA NANI, NA KAULI NI YA NANI?

Ndugu msomaji, leo tunazungumza juu ya mali na kauli. Ukifanya kazi mahali, je, una sehemu yako katika mali ya pale? Na ukisema neno, je, linasikilizwa? Mambo haya si ya watu wa mjini peke yao. Yanamhusu mkulima wa pamba wa Kwimba, mvuvi wa Ukerewe, na kijana wetu aliyekwenda kufanya kazi kiwandani Mwanza.

Tuanze na jambo tunalolijua sote.

MTUMBWI MMOJA, MAMBO MATATU

Ni usiku wa giza, mwezi haupo. Wavuvi wanne wanatoka Kayenze kwenda kuvua dagaa. Taa zinawashwa, wavu unashushwa. Alfajiri wanarudi na dagaa wanauzwa. Kwanza zinatolewa gharama za mafuta na taa. Fedha inayobaki inagawanywa. Fungu moja ni la tajiri, yaani mwenye mtumbwi na wavu. Fungu jingine ni la wavuvi, nao wanagawana.

Hapo pana mambo matatu, na tusiyachanganye.

La kwanza ni gawio. Hii ni fedha unayopata kutokana na kazi iliyofanyika. Wavuvi wanapata gawio.

La pili ni umiliki. Mtumbwi ni wa nani? Ukiuzwa kesho, fedha itaingia mfuko wa nani? Wavuvi hawana umiliki. Wanaweza kuvua miaka kumi katika mtumbwi ule ule, na siku tajiri akiuuza wanarudi nyumbani mikono mitupu.

La tatu ni kauli. Nani anaamua? Nani anasema gharama zilikuwa kiasi gani? Tajiri akisema mafuta yamekula fedha nyingi wiki hii, mvuvi atajibu nini? Risiti hajaiona. Basi hata gawio lake hajui kama ni la haki.

Hapo tunajifunza neno moja kubwa. Gawio bila kauli ni kama kupewa chakula gizani. Unakula, lakini hujui umepewa kiasi gani.

MIZANI ILIYOLETA USHIRIKA

Sasa twende kwenye pamba. Wazee wetu wa Usukuma na Ukerewe walilifahamu jambo hili zamani, kabla ya Uhuru.

Wakati wa ukoloni mkulima alilima pamba yake, akaichuma, akaibeba hadi kwa mnunuzi. Wanunuzi na wenye majineri walikuwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyesoma mizani alikuwa mnunuzi. Mkulima wengi wao hakujua kusoma tarakimu. Aliambiwa tu, "Uzito wako ni huu, fedha yako ni hii, nenda."

Malalamiko yalikuwa mengi kwamba watu wanapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakatafuta dawa. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Mkulima alipima pamba yake kwanza kwa mpimaji wa wakulima. Kisha alikwenda kwa mnunuzi akiwa anajua uzito wake. Hapo mnunuzi hakuweza tena kusema analotaka.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme mtu anapunjwa kilo 2 katika kila gunia la kilo 50. Ana magunia 10. Amepoteza kilo 20. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Amepoteza shilingi 20,000, na wala hajui. Kijiji chenye wakulima 200 kama yeye kimepoteza shilingi 4,000,000 katika msimu mmoja. Hiyo ni mifano tu, lakini hesabu yake ni ya kweli.

Kutokana na mizani ile vikazaliwa vyama vya ushirika vya msingi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paul Bomani, ambaye baadaye, baada ya Uhuru, alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika chama kikuu kilichojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Makao yake yalikuwa Mwanza. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika nzima.

KUTOKA MIZANI HADI JINERI

Wakulima hawakuishia kwenye mizani. Walijiuliza, "Pamba ikitoka hapa inakwenda wapi?" Inakwenda jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Jineri inatenga nyuzi na mbegu. Katika kilo 100 za pamba mbegu, karibu theluthi moja ni nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Nyuzi zinafungwa marobota na kuuzwa. Mbegu zinakamuliwa mafuta, na mashudu yake ni chakula cha mifugo.

Basi mwenye jineri anauza vitu viwili, na mkulima amelipwa kimoja. Ndiyo maana wakulima walitaka majineri yawe yao. Katikati ya miaka ya 1950 walipata jineri yao huko Kasamwa, Geita. Nyingine zikafuata. Ilipofika mwaka 1959 au hivi, karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na ushirika.

Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Watu ambao miaka michache nyuma hawakuweza kusoma mizani, sasa walikuwa wenye viwanda.

KWA NINI MALI ILIPONYOKA

Lakini tuseme ukweli wote, maana ukweli nusu haujengi. Mali ile haikukaa vizuri mikononi mwa wenyewe.

Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati iliona kasoro nyingi. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Palikuwa na wizi na matumizi mabaya. Wanasiasa waliingilia kazi. Na kasoro moja iliyowekwa wazi ni hii: wanachama wengi hawakukielewa chama chao. Hawakujua haki zao wala wajibu wao. Kwa jina, chama kilikuwa mali yao. Kwa vitendo, waliona ni mali ya karani na wakubwa wa mjini.

Mwaka uliofuata Serikali iliweka uongozi wake katika chama kikuu cha Mwanza. Mwaka 1968 kikaundwa upya kwa jina la Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote nchini. Kazi ya pamba ikashikwa na Mamlaka ya Pamba. Mkulima hakuulizwa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha ushirika, na mwaka 1984 Nyanza ikarudi tena.

Kisha mwaka 1994 milango ya biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ushirika uliokuwa na madeni mengi haukuweza kushindana. Nyanza ikadhoofika, na mali zake nyingi zikaponyoka kwa madeni na kwa kuuzwa. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikifuatilia mali za ushirika zilizopotea. Na tangu msimu wa 2018/2019 pamba imerudishwa kununuliwa kupitia vyama vya msingi, ambavyo sasa tunaviita AMCOS.

Tunajifunza nini? Ushirika uliweza kuchukuliwa, kuvunjwa, kurudishwa na kudhoofika, na mara nyingi mwanachama alikuwa mtazamaji. Alikuwa na umiliki katika karatasi. Kauli hakuwa nayo. Umiliki bila kauli ni kama ng'ombe wako aliye katika zizi la mwingine. Ukiuliza maziwa, unaambiwa ng'ombe hajazaa.

NA MFANYAKAZI WA KIWANDANI JE?

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Jineri ilikuwa mali ya wakulima. Lakini aliyesimama kwenye mashine, akavuta vumbi la pamba kutwa nzima, alikuwa nani? Alikuwa mfanyakazi wa mshahara. Hakuwa mwenye mali. Wakulima waliopigania kauli mbele ya mnunuzi, je, nao walimpa kauli mfanyakazi wao? Swali hilo tuliweke moyoni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vingi viliwekwa mikononi mwa umma. Ikasemwa kuwa sasa viwanda ni vyetu. Lakini mfanyakazi alipoingia getini aliona mambo ni yale yale. Meneja anaamuru, yeye anatii.

Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1. Waraka huo uliagiza yaundwe mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Katika baraza, wajumbe wa wafanyakazi walikaa pamoja na wakuu wa kazi. Walijadili mambo ya uzalishaji, mishahara na mipango ya kiwanda. Hilo lilikuwa jambo jipya. Ila baraza lilikuwa la kushauri. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa wakubwa.

Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Mwongozo ulikataza viongozi kuwa na kiburi, kuishi kwa anasa, kudharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi waliusoma, na wengine waliosomewa wakaushika kichwani. Bwana mkubwa akitukana, waliweka zana chini. Miaka ile migomo ilikuwa mingi viwandani. Mwaka 1973, huko Dar es Salaam, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Lakini njia hiyo haikuachwa ienee. Waliojaribu kufanya hivyo mahali pengine walizuiwa.

Siku hizi viwanda vingi ni vya watu binafsi. Hapa Mwanza tuna viwanda vya minofu ya sangara, vilivyoanza kujengwa miaka ya 1990. Vijana wetu wanafanya kazi humo. Hawana hisa. Lakini sheria haijawaacha mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chama kinachotambuliwa kinaweza kufanya mapatano na mwajiri kuhusu mshahara na hali ya kazi. Vilevile kinaweza kupatana naye liundwe jukwaa la kuwashirikisha wafanyakazi katika mambo ya kiwanda. Angalia neno hilo, "kupatana". Halishuki kutoka mbinguni. Lazima lidaiwe, na anayedai peke yake hasikiki. Katika utumishi wa umma, mabaraza ya wafanyakazi bado yapo mpaka leo.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji, walichanga fedha wakafungua duka lao. Waliweka kanuni ya mtu mmoja kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kanuni hiyo ndiyo tunayoitumia katika vyama vyetu.

Huko Mondragón, Hispania, padre mmoja aitwaye José María Arizmendiarrieta alifundisha vijana ufundi na ushirika. Mwaka 1956 vijana watano kati ya wanafunzi wake walianzisha kiwanda cha majiko. Kila mfanyakazi alikuwa mwenye kiwanda na alikuwa na kura moja. Faida haikuliwa yote. Sehemu iliwekwa akiba ya kiwanda, na sehemu iliandikwa katika hesabu ya kila mfanyakazi. Leo vyama vyao pamoja vina wafanyakazi maelfu kwa maelfu, zaidi ya 70,000.

Lakini nao si malaika. Mwaka 2013 kiwanda chao kikubwa cha vyombo vya umeme vya nyumbani kilifilisika. Wafanyakazi wengi walipata kazi katika vyama vingine vya ushirika huo, ila akiba zao walizoweka katika kiwanda kile zilipata hasara. Kwa hiyo tuelewane. Mwenye mali anakula faida, na hasara pia ni yake. Ndiyo maana kila mwenye mali anapaswa kujua hesabu.

Huko Ujerumani wana njia nyingine. Kampuni inabaki ya wenye hisa. Lakini kwa sheria ya mwaka 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 inatakiwa kuwa na bodi ya usimamizi ambayo nusu ya wajumbe wake ni wa upande wa wafanyakazi. Kura zikigongana, mwenyekiti, ambaye kwa kawaida anatoka upande wa wenye hisa, ana kura ya kuamua. Hapo mfanyakazi hana umiliki, ila kauli anayo, na hesabu anaziona.

MKUTANO MKUU WA KIJIJI KIMOJA

Sasa turudi nyumbani. Tulihudhuria mkutano mkuu wa chama cha msingi katika kijiji kimoja. Jina lake hatulitaji. Wanachama walikaa chini ya mwembe. Katibu alisoma taarifa ya fedha upesi upesi, kama mtu anayekimbia mvua. Akafika mwisho akasema, "Kama hakuna swali tupitishe."

Wazee wawili walikuwa wamekwisha inua mikono kupitisha. Mama mmoja akasimama. Tuliambiwa alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo.

Akasema, "Ndugu katibu, shikamoo. Naomba urudie mstari wa matumizi mengineyo."

Katibu akasema, "Marahaba, mama. Hayo ni mambo madogo madogo tu."

Mama akasema, "Sawa, baba. Lakini madogo hayo nimeyasoma ubaoni. Ni makubwa kuliko posho ya mlinzi wa ghala kwa mwaka mzima. Tunaomba tusomewe moja moja."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Asomewe. Na sisi tusikie." Katibu akafungua daftari. Ikaonekana sehemu ya fedha ilikuwa ya safari za mjini ambazo wanachama hawakuwa na habari nazo. Mkutano ukakataa kupitisha hesabu siku ile. Wakachagua watu watatu wapitie risiti na kuleta taarifa.

Hakuna aliyepigwa wala aliyetukanwa. Katibu hakuitwa mwizi, maana jambo lilikuwa halijachunguzwa. Lakini tangu siku ile, tuliambiwa, hesabu hubandikwa ukutani kwenye ghala kabla ya mkutano. Hiyo ndiyo kauli. Ilianza na mtu mmoja aliyejua kusoma, ikashikwa na wengi.

MAMBO YA KUFANYA

Wewe uliyemaliza kisomo una chombo mkononi. Kitumie hivi.

1. Soma mizani mwenyewe kila unapouza. Andika uzito, daraja na bei katika daftari lako. Pamba safi isiandikwe pamba fifi nawe umenyamaza.

2. Dai stakabadhi, uilinganishe na daftari lako pale pale. Ukishafika nyumbani, ushahidi umepungua.

3. Uliza makato. Kila shilingi inayokatwa ina jina lake. Ulijue jina, na uulize nani alilipitisha.

4. Soma masharti ya chama chako. Masharti yanasema nani anaitisha mkutano, watu wangapi wanatosha, na viongozi wanakaa muda gani. Mwanachama ana haki ya kuyaona.

5. Nenda mkutano mkuu. Usipokwenda, wengine wataamua mali yako. Kusema nyumbani jioni kwamba "wametula" hakurudishi kitu.

6. Taka kujua hesabu zimekaguliwa lini. Chama kikikataa kuwajibu, kuna Afisa Ushirika wa wilaya na kuna Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Andikeni barua, wekeni sahihi wengi, na bakini na nakala.

7. Chama chenu kikiajiri mlinzi, karani au wachukuzi, wasikilizeni nao. Tusiwafanyie wengine tuliyoyakataa sisi.

8. Una mtoto kiwandani? Muulize kama ana mkataba wa maandishi na kama amejiunga na chama cha wafanyakazi. Kama hajui kusoma mkataba, msomee.

Ndugu msomaji, wazee wetu walianza na mizani moja wakafika kwenye jineri. Sisi tumebaki na ghala, mizani na daftari la chama. Si vitu vidogo. Msimu ujao, mtakapoitwa mkutano mkuu, kaa mbele. Na daftari lako uende nalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Gawio: fungu la fedha analopata mtu kutokana na faida au mapato.
Umiliki: hali ya kuwa mwenye mali.
Kauli: haki ya kusema na kusikilizwa wakati wa kuamua.
Hisa: sehemu ya mali ya chama au kampuni uliyoilipia.
Masharti: sheria ndogo za chama, zilizopitishwa na wanachama.
Makato: fedha inayopunguzwa katika malipo yako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mvuvi anayepata gawio anakosa nini?
2. Kwa nini wakulima wa zamani waliweka wapimaji wao?
3. Kamati ya mwaka 1966 iliona kasoro gani kwa wanachama?
4. Baraza la wafanyakazi la mwaka 1970 lilikuwa na nguvu gani, na lilikosa nguvu gani?
5. Katika chama chenu, nani anasoma hesabu, na nani anazielewa? Jadilianeni, mkaandike majibu yenu ubaoni.